Mwenye Shughuli

Ukitaka mtu aichukie ndoa kabla hata hajaolewa, mpe kazi ya kubuni kadi za harusi. Hansa Solanki alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu alipomaliza chuo, katika ofisi iliyo juu ya duka la bangili mjini Jaipur, na msimu huu alikuwa hawezi tena kuona nyekundu na dhahabu zikikaa pamoja bila kichwa kumgonga. Duka lao la kadi lilikuwa la mtandaoni. Mteja anajilaza kitandani na simu yake, anatafuna karanga, anachagua kadi, halafu anaanza kutuma marekebisho. Hayo marekebisho ndiyo yaliyokuwa yakimmaliza Hansa.

Kadi ya akina Bohra ilianza vizuri, tena vizuri mno. Damyanti Bohra, mwalimu wa shule ya msingi na mjane wa siku nyingi, alikuwa anamwoza binti yake wa pekee, Yashika. Kati ya kadi zote za dukani alichagua ile ambayo Hansa mwenyewe aliipenda na ambayo haikuwa imenunuliwa na mtu: karatasi ya rangi ya maziwa, Ganesh mdogo, mungu mwenye kichwa cha tembo, juu kwa mchoro wa mstari mmoja, na kishada cha yasmini pembeni. Mahali pa jina la mwenye shughuli aliandika hivi: "Mimi, Damyanti Bohra, nawaalika kwa furaha kwenye harusi ya binti yangu Yashika, mtoto wa marehemu Kishan Bohra."

Hansa alilisoma hilo neno "mimi" mara mbili. Katika kadi nyingi zilizopita mikononi mwake, mjane hakuwa na mdomo. Alisemewa na shemeji zake. Akampigia simu.

"Mama, niiache hivi hivi?"

"Iache hivyo hivyo, binti. Kishan alituacha Yashika hajajua hata kufunga kamba za viatu. Nimemlea peke yangu, na watu nataka niwaalike mwenyewe. Hilo tu ndilo ninalolitaka. Rangi hata ukiweka ya matope, mimi sina neno."

Ingeishia hapo, Hansa angekwenda kunywa chai yake kwa raha. Lakini jioni ile ile alijikuta ameingizwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi, na humo ndimo alimokutana na Girdhari Bohra, kaka mkubwa wa marehemu. Mzee Girdhari hakuwa mtu wa kuandika. Alituma sauti.

"Binti wa kadi! Huyu Ganesh mbona amekonda? Kwetu amekuja kufunga?"

Hansa akamnenepesha Ganesh.

"Haya, na dhahabu iko wapi? Watu watadhani tumefungua kliniki ya meno."

Hansa akaweka dhahabu. Akaweka na ukingo mwekundu, kisha tausi wawili, kwa sababu mke wa mzee alikuwa ameona tausi kwenye kadi ya jirani. Kila alipoongeza kitu aliona yasmini yake ikisogezwa pembeni, mpaka ikafutika kabisa. Aliuma meno akaendelea. Rangi ni za mteja, na yeye alikuwa amezoea kuzika michoro yake. Kisha ikaja sauti nyingine.

"Sasa huyo 'mimi' ndiye nani? Kadi ya ukoo haina mimi. Kadi inatoka kwa mkubwa wa nyumba. Andika: Girdhari Bohra na mkewe wanawaalika."

Hansa alingoja Damyanti aseme kitu. Kundi zima lilingoja. Damyanti akaweka kile kialama cha viganja viwili vilivyokutanishwa, basi.

Hansa akampigia. "Mama, umeyakubali haya?"

"Nyumba tunayokaa ni ya ukoo, binti. Na atakayesimama ukumbini kuwapokea wakwe ni shemeji." Nyuma yake watoto wa shule walikuwa wakipiga kelele. "Weka jina lake. Lakini langu likae mstari wa pili. Mstari wa pili si mbaya."

Mstari wa pili ulidumu mpaka asubuhi. Mdogo wa Girdhari alidai naye ni baba wa Yashika kwa mila, akapewa mstari wa pili pamoja na mkewe. Shangazi wa mji wa Ajmer akanuna, akapewa wa tatu. Mtoto wa Girdhari aliye daktari akataka neno "daktari" litangulie jina lake kwa herufi nene. Waswahili husema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na chombo hiki kilikuwa na manahodha wenye simu, kila mmoja na shangazi yake. Kila mstari mpya ulipoingia, Damyanti alishuka. Mwisho akatua chini kabisa ya kadi, kwenye ile orodha ya ndugu ambao kazi yao ni kusimama mlangoni kuwangoja wageni, katikati ya binamu ambao hata picha zao Yashika hakuwahi kuziona.

Hansa akaenda kwa bosi wake, Lokesh, akiwa amevimba kwa hasira.

"Bosi, anayemwoza binti ni yule mama. Na ndiye aliyeagiza kadi!"

"Wewe umeajiriwa kuchora au kutetea watu?"

"Wamemfanya mgeni kwenye harusi ya mwanawe."

"Hansa, dada yangu," Lokesh akasema bila kuinua macho kutoka kwenye simu, "mama atanyamaza. Mzee ataandika malalamiko, tena marefu. Mpe mzee anachotaka tumalize."

Hansa akarudi kwenye kiti chake na machozi ya ghadhabu, yale yasiyodondoka, na hapo hapo simu ikalia tena kwa sauti ya mzee.

"Binti wa kadi! Huku chini umeandika 'Marehemu Kishan na Damyanti Bohra'. Marehemu atapokeaje wageni mlangoni? Mtoe Kishan hapo."

Kwa mara ya kwanza mzee alikuwa na hoja. Hansa akafuta "Kishan na", akabonyeza hapa na pale kuipanga mistari, akaitupa rasimu kwenye kundi bila kuitazama mara ya pili. Majibu hayakukawia. Shangazi wa Ajmer akaweka maua. Daktari akaweka kidole gumba. Binamu mmoja baada ya mwingine wakapiga makofi. Mzee Girdhari akatuma sauti ndefu, akaisifu dhahabu, akawasifu tausi, akalisoma jina lake kwa sauti na kusema limekaa mahali pake. "Sasa hii ndiyo kadi! Nimeipitia yote, haina kosa. Chapa."

Hansa alikuwa ameinua kikombe cha chai Damyanti alipopiga.

"Binti," akasema, "nilikufa lini?"

"Mama?"

"Soma huko chini."

Hansa akaifungua rasimu. Kishan alikuwa ametoka, lakini neno lake lilibaki, likamwangukia mkewe. Marehemu Damyanti Bohra. Akakirudisha kikombe mezani. Kumwandika mtu marehemu yu hai, tena kwenye kadi ya harusi! Kuna watu wangevunja ndoa kwa mkosi mdogo kuliko huo.

"Mama, nisamehe! Nilikuwa nimekasirika, nikafuta haraka. Kosa ni langu, si la mtu mwingine. Naandika kundini sasa hivi."

"Usiandike."

"Mama..."

"Nimesema usiandike. Wewe umekosea, na kukosea ni kwa binadamu." Damyanti alicheka kidogo. "Wao je? Wameipitia yote. Nimeisikiliza sauti ya shemeji yangu mara tatu. Ameona mpaka jicho la tausi. Mimi nimekufa kwenye kadi ya mwanangu na watu wakaweka maua, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka."

Hansa alitamani amwambie kwamba kwenye simu maandishi ni madogo, lakini huo ungekuwa uongo, na alikuwa amechoka na uongo wa watu wa harusi.

"Rekebisha kimya kimya, wapelekee kadi zao," Damyanti akasema. "Lakini nitengenezee moja ile ya kwanza. Yenye 'mimi'. Unajua kadi ya kwanza kabisa ni ya Ganesh. Nitaipeleka hekaluni mwenyewe. Kwa Mungu, binti, angalau nifike nikiwa hai."

"Mama, mashine ya kiwandani haichapi kadi moja," Hansa akasema, na aliona aibu kulitamka hilo. "Mfumo unakataa chochote chini ya hamsini. Nimewahi kuwaomba watu wa huko, hawasikii."

"Hamsini! Na hizo nyingine nizifanyie nini?"

Kama Hansa angekuwa amelala vizuri siku hizo, pengine angejibu kwa busara. Lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Mama, si ni kadi za mwaliko? Alika watu!"

Upande wa pili kengele ya shule ikalia, watoto wakapiga mbio, wakatulia.

"Haya," Damyanti akasema polepole. "Chapa hamsini."

Siku kadi zilipotoka kiwandani, Lokesh aliyakuta maboksi mawili mezani, moja la dhahabu na moja la rangi ya maziwa.

"Hawa akina Bohra wana harusi ngapi?"

"Moja, bosi. Ila mwenye shughuli amepatikana."

"Pakitokea malalamiko, Hansa, mimi simo."

"Najua, wewe humo."

Malalamiko yalitokea kabla wiki haijaisha, mchana, Hansa akiwa na kachori mkononi. Safari hii mzee Girdhari hakutuma sauti, alipiga mwenyewe.

"Wewe binti wa kadi! Hii imetoka kwako?"

"Ipi, mzee?"

"Hii nyeupe! Damyanti ameileta sasa hivi. Ameingia sebuleni kwangu wakwe wa mwanangu wamekaa, ametugusa miguu kwa adabu zote, ameniwekea kadi na boksi la vitamutamu vya laddu mbele yangu, ameondoka zake shuleni. Juu ya bahasha ameandika: 'Kwa Girdhari Bohra na familia yake yote.' Mimi! Naalikwa! Mtoto wa ndugu yangu anaolewa, na mimi ni mgeni?"

Hansa akaiweka kachori chini.

"Jina lako limekosewa, mzee?"

"Halijakosewa."

"Tarehe? Mahali?"

"Sizungumzii tarehe! Nazungumzia heshima!"

"Basi si jambo kubwa, mzee. Mwaliko unaweza kukataliwa, mradi laddu hazijaliwa. Mrudishie kadi yake na laddu zake, useme hutakuja."

Kwenye simu ilisikika feni ikizunguka, na sauti ya mwanamke ikiuliza kitu kwa mbali. Mzee akashusha sauti, kama mtu asiyetaka wakwe wamsikie.

"Laddu tumeshakula," akasema. "Tulikula kabla ya kusoma."