Neno Alilolichagua Kemuma

Kiingereza kina maneno mengi kupita kiasi, na wiki ile Orpah alikuwa amekichoka. Si kwamba hakijui. Mwanamke huyu ndiye mkalimani wa makambi ya Wasabato. Mhubiri mgeni akija kutoka ng'ambo, Orpah husimama ubavuni mwake akiyageuza maneno yake kuwa Ekegusii, na watu wa Kebirigo husema mhubiri akiwa baridi, Orpah humtia moto. Lakini sasa alikuwa amepewa kazi ya upande wa pili: achukue maneno ya mamake mzazi, ayatie katika Kiingereza, na akikosea, mtoto aliye tumboni mwa binti ya kaka yake huenda asizaliwe. Hapo hakuna mchezo.

Nianze na lile la aibu, maana bila hilo hamtanielewa. Mzee Ogoti, babake Orpah, alipofariki, mwanawe Jasper alikuwa Marekani. Akapiga simu kusema hatakuja kuzika; mara kazi, mara karatasi, mara theluji, sijui nini. Mama Kemuma, mjane wake, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka na simu hadi mlangoni, akatoa titi alilomnyonyesha Jasper, akalishika, akamwambia, "Utaita nyumbani kwako, na hutaitikiwa." Akakata simu. Mama akishika titi akasema neno, huku kwetu hakuna anayecheka.

Jasper akazika watoto wawili huko huko. Baadaye naye akarudishwa ndani ya sanduku, akazikwa kando ya nyumba ya mawe aliyokuwa akijengewa, ambayo haijalaliwa na mtu hata leo. Na tangu azikwe, mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati ya nyumba ile, mwanamume huita humo ndani. Hataji jina. Huita kama mtu aliyetoka shambani anayetaka aletewe maji ya kunawa. Mchungaji Obadiah alikuja kuomba pale, akaomba vizuri, akaimba, kisha akaangalia mawingu na kuondoka mbio, mjanja yule.

Aliyebaki katika uzao wa Jasper ni Sharon, bintiye, mzaliwa wa Marekani, asiyejua neno la nyumbani ila "magokoro", yaani nyanya. Babake alimwambia habari za laana siku zake za mwisho. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Hii ya tatu aliipandisha ndege ikiwa imeanza kuonekana, akaja kuketi mbele ya nyanya yake. Siku ya kwanza tu mvua iliponyesha, alimsikia babake akiita, akainuka kitini na furaha usoni, mdomo umeshafunguka kuitika. Orpah alimrukia akamziba mdomo kwa kiganja, maana anayemwitikia marehemu humfuata. Walibaki hivyo wakitazamana mpaka mvua ikapungua. Orpah aliogopa siku ile kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

"Nitalibadilisha neno langu," Kemuma alisema walipomweleza. "Hasira imeniisha kitambo, ni aibu tu iliyobaki. Lakini lazima aelewe ninachosema, kwa masikio yake mwenyewe. Asiyeelewa atapokea nini?"

Maana ndivyo inavyofanywa. Aliyelisema neno ndiye hulibadilisha, kwa mdomo uleule. Husema neno jipya, hujaza maji mdomoni, humpulizia aliyelaaniwa kifuani, na yule hujibu kwamba amepokea. Kumsemea kwa lugha asiyoijua ni sawa na kuupulizia maji ukuta.

Basi asubuhi ya siku yenyewe mama na binti wakaketi nje ya jiko wakichambua mboga za chinsaga, na Orpah akaanza kumwonyesha mamake maneno, moja moja, kama mwenye duka anayemshushia mteja vitambaa. Lengo lake lilikuwa kupata neno la kuligeuza jambo liwe kinyume chake, nyumba isiyoitika iwe nyumba inayoitika. Kiingereza kinayo mengi ya namna hiyo, na kila moja lina tabia yake.

"Sharon anapenda 'cancel'," alisema. "Kama mtu anavyofuta safari."

"Kilichofutwa kwa kalamu si bado kinasomeka chini ya mstari?"

"Kuna 'overturn'. Hilo ni la mahakamani. Hakimu mkubwa anapindua hukumu ya mdogo."

"Na mkubwa wangu yuko wapi? Babako amelala pale." Kemuma alielekeza kidevu kwenye migomba, lilipo kaburi la Mzee Ogoti.

"'Invert', basi. Kupindua kikombe chini juu."

"Kikombe kilichopinduliwa kinashika nini, Orpah? Mtoto atakaa wapi?"

Orpah alipumua. Alikuwa ameliweka la mwisho neno alilolitaka yeye, neno laini, lisilomdhuru mtu. "Kuna 'undo'. Ni kufungua, kama unavyofungua fundo la kamba ya ng'ombe."

Kemuma alitupa shina la mboga kando. "Na kamba yenyewe ikishafunguliwa inaenda wapi?"

"Haiendi popote, mama. Inabaki hapo."

"Basi itamfunga atakayepita. Sitaki. Hakuna lingine?"

Lilikuwapo lingine, na Orpah hakutaka kulitaja. Lakini kumdanganya mamake kuhusu maneno, kazi anayoisimamia mbele ya kanisa zima, kulimshinda. "Kuna 'reverse'," alisema.

"Ile rivasi ya lori la majani chai?" Kemuma aliinua uso. Kila mtu aliyewahi kupeleka chai kituoni anaijua ile, utingo akipiga kelele watu wapishe, lori likija kinyumenyume. "Si huwa linarudi lilikotoka?"

"Linarudi."

"Kwa hiyo neno litatoka kwa mtoto na kurudi kwangu."

"Mama, hayo ni magari."

"Ni hilo," Kemuma alisema, akaokota mboga yake. "Mimi nimezeeka. Niite nisiitikiwe, kuna shida gani? Hata sasa naita ng'ombe haji."

Alicheka kidogo. Orpah hakucheka. Alimwona mamake akiita kitandani, siku ile ya mwisho ambayo kila mtu anataka mkono wa mtu, na wote wamesimama kando wakiitika na yeye hasikii hata mmoja. Simu ikalia mfukoni mwake. Ni Linet, bintiye wa pekee, aliyeolewa Suneka, asiyepitisha asubuhi bila kumjulia mamake hali. Orpah akaongea naye mambo ya kuku na ya mvua.

Wakakutana mbele ya nyumba ya Jasper mchana, mawingu yakiwa tayari yameinama juu ya vilima vya Nyamira. Sharon aliketi kwenye kigoda. Kemuma alisimama mbele yake na bakuli la maji, kisha akasema kwa Ekegusii, polepole, "Neno nililolisema juu ya nyumba ya mwanangu Jasper nalirudisha kwangu. Lirudi kwangu mimi peke yangu. Nyumba yako iitike."

Orpah alifungua mdomo. Akatumia "undo". Alilisema vizuri, kwa sauti ile ya makambi, na Sharon akaanza kutikisa kichwa kukubali.

"Sijalisikia," Kemuma alisema.

"Nimesema, mama."

"Sijasikia rivasi. Mimi si kiziwi." Hakukasirika. Alimtazama bintiye kwa huruma. "Usinipende kwa kumwibia mtoto. Sema."

Tone la kwanza likagonga bati. Kisha la pili. Ndani ya nyumba ya Jasper kitu kikasogea, kama mtu anayevuta kiti aketi karibu na mlango, na Sharon akageuza kichwa. Orpah alijua sauti itakayofuata. Alijua pia kwamba msichana huyu hataweza kunyamaza milele kila babake akimwita.

Mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya mwenye maneno, na Orpah alikuwa amesema "mimi" ya watu wengine maisha yake yote bila hata moja kumshika. Akalisema neno. Alisema "reverse", wazi, mamake akalisikia. Halafu akaendelea kwa Kiingereza: lirudi kwetu, kwa mama yangu na kwangu mimi, tulibebe wawili.

Sharon alimkazia macho. Midomo yake ikacheza, akitaka kuuliza.

"Sema umepokea," Orpah alimwambia.

"Lakini shangazi, yeye amesema hivyo?"

"Sema."

Sharon akasema amepokea, machozi yakimtiririka. Kemuma akajaza maji mdomoni, akampulizia kifuani na tumboni, akampangusa uso kwa leso yake.

"Mbona lilikuwa refu?" akamuuliza Orpah.

"Kiingereza ni kirefu, mama."

"Haya. Maji yaliyobaki hunywewa na mwenye neno, ndipo limrudie." Kemuma akaliinua bakuli, akanywa. Alipolishusha, Orpah alilichukua mikononi mwake, akalielekeza mdomoni, akamaliza maji yaliyokuwa chini.

Kemuma alisimama kama aliyepigwa. Hakuhitaji Kiingereza kuelewa hilo. Mkono wake ulipanda kama wa kumchapa binti yake kofi, ukafika nusu ya njia, ukamshika bega.

"Una Linet," alisema.

"Ninaye, mama."

Mvua ikaja kwa nguvu. Wakajibanza watatu chini ya ukingo wa bati, migongo ukutani, wakasubiri Jasper aite. Hakuita. Mvua ilipiga mpaka ikachoka, na ndani ya nyumba hakukusikika hata mguu, na Sharon, aliyeshika tumbo kwa mikono yote miwili, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto, kwa furaha na kwa kufiwa upya.

Orpah aliitoa simu mfukoni, akaipangusa kwenye sketi, akalitafuta jina la Linet. Akaweka kidole juu yake. Kemuma alikuwa akimtazama, midomo ikiomba bila sauti. Orpah alikaa hivyo, kidole juu ya jina, na hakubonyeza.