Vidole Visivyosomeka

Kengele ya mapumziko ya saa nne ilipolia, Mbio alikuwa ameshafika getini. Ndiyo maana walimwita Mbio. Wafuaji wenzake walijitupa juu ya mabunda ya shuka chafu wakanywa chai. Yeye alikata uchochoro wa mafundi viatu, akaingia chumbani, akamgeuza mama yake ubavu, akampangusa, akamwekea mto katikati ya magoti, akarudi huku anahema. Saa saba tena, vivyo hivyo. Miaka miwili tangu mama apooze, mgongo wake haukuwa na kidonda hata kimoja.

"Siku atakayolala kutwa upande mmoja," nesi alimwonya, "nyama itaanza kuoza."

Basi tarehe mosi ikabandikwa karatasi juu ya mashine ya kukaushia. Kuanzia mwezi ujao wafuaji wote watahamia tawi jipya, ng'ambo ya mji, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Kuingia saa kumi na mbili asubuhi, kutoka saa kumi na mbili jioni. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo zenye haya: atakayefanya kazi mwezi huu bila kupinga kwa maandishi, atahesabiwa amekubali.

Mbio aliisoma mara tatu. Mkataba wake ulikuwa chini ya godoro la mama, na ulisema mahali pa kazi ni hapa hapa, kutoka saa tisa alasiri.

"Mama, wananihamisha."

"Na mimi je?" Nusu ya mwili wa mama ilikuwa imelala, lakini ulimi haukuwahi kusinzia. "Waambie mimi sina nauli."

Mbio hakucheka. Alikuwa akipekua watu kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba mtupu. Kaka yuko mbali, hutuma salamu tu. Jirani mwenyewe hunyanyuliwa na mkongojo. Akiacha kazi, watakula nini? Akihama, mama ataoza akiwa hai.

Mzee wa pasi, aliyenyoosha mashati pale tangu meneja ananyonya, alimvuta pembeni.

"Mkataba ni wa watu wawili, binti. Mmoja hawezi kuugeuza peke yake. Lakini ukinyamaza ukafua, watasema ulikubali. Andika."

Mbio akaandika, akapeleka kwa karani.

"Nimeambiwa nisipokee barua," karani akasema.

"Na nani?"

"Hilo nalo nimeambiwa nisiseme."

Mbio alitoka na barua yake imelowa jasho. Mlangoni palikuwa na daftari la mahudhurio: jina, saa, sahihi, na safu ya mwisho ya maelezo, ambayo hakuna aliyewahi kuijaza. Kurasa zake zilikuwa na namba, na kila mwisho wa mwezi lilipelekwa makao makuu. Akaichukua kalamu. *Nimekuja kazini. Kuhamishwa sijakubali.* Kesho yake tena. Na keshokutwa.

Siku ya tisa meneja, waliyemwita Tai kwa ile tai yake isiyovuliwa hata kwenye mvuke, aliyaona maandishi hayo. Siku ya kumi daftari halikuwepo. Mahali pake palikuwa na kimashine cheusi.

"Sasa ni kidole tu," Tai akasema. "Hakuna kuandika andika."

Mbio akasogea. Akaweka kidole. Kimashine kikalia, *tiit*, taa nyekundu. Akakifuta kwenye khanga, akaweka tena. Nyekundu.

"Bonyeza vizuri!" Tai akafoka.

"Nibonyeze vipi, nikitoboe?"

Akaja mwenzake, nyekundu. Wa tatu, nyekundu. Wafuaji wote waliweka vidole vyao vyote kumi, kimashine kikawakataa mmoja mmoja kama mkwe mwenye maringo. Mzee wa pasi alikitazama kiganja cha Mbio. Miaka kumi na tisa ya magadi na dawa ya kung'arisha ilikuwa imeifua ile mistari ya vidole mpaka ikaisha.

"Bwana Tai," akasema, "hawa umeshawafuta. Sasa unataka kuwasoma?"

Wakaangua kicheko, mpaka karani. Mbio peke yake hakucheka. Saa nne ilikuwa imepita wakiwa bado kwenye kimashine. Alipofika nyumbani alikuta doa jekundu kwenye nyonga ya mama, joto, kubwa kama kifuniko cha chupa. Akalipapasa kwa vile vidole vyake laini, akalia bila sauti.

Kesho yake daftari lilirudi. Akaandika.

Mwisho wa mwezi Tai alimwita ofisini. "Umefanya kazi mwezi mzima, na barua ya kupinga hatuna. Umekubali."

"Fungua daftari, bosi."

Tai akafungua. Akageuza ukurasa, akageuza mwingine. Sentensi ile ile, mwandiko ule ule wa darasa la saba, tarehe kwa tarehe, isipokuwa siku moja ya kimashine. Akalegeza tai. Hilo hakuna aliyewahi kuliona.

"Subiri niwaulize wakubwa. Kwa sasa baki hapa. Ila usidhani yameisha."

"Sidhani."

Saa nne na dakika kumi. Alikimbia mpaka kandambili moja ikabaki uchochoroni.

"Umechelewa," mama akasema. "Wamekuhamisha?"

"Bado."

"Basi nigeuze."