Kidole cha Kaka

Mlango wa chumba kile ulifungwa kwa nje. Ndani mlienea vitanda viwili tu, kidirisha kimoja cha kioo kizito, na mashine iliyokuwa ikipunguza hewa kidogo kidogo, ili sisi tulio chini tuwe kama tuko juu mlimani. Daktari alitaka kujua mwili wa binadamu hufanyaje huko, na alitaka ndugu wawili wa tumbo moja. Kaka alitaka kitu kimoja: amalize siku tatu bila kutolewa, maana anayemaliza ndiye anayeajiriwa kuwa mpagazi wa msafara wao wa kupanda mlima.

Kila mmoja alibanwa kidoleni na kifaa chenye waya kinachosoma hewa iliyomo kwenye damu; namba ikishuka mno, unatolewa. Siku ya pili asubuhi, namba ya kaka ikaanza kushuka. Midomo yake ikawa ya kijivu.

"Nipe kidole," akaninong'oneza.

"Lakini kaka..."

"Unavyo kumi, na bado unaninyima kimoja?"

Sijazoea kubishana na mkubwa wangu. Nikakichukua kibanio chake, nikakitia kwenye kidole changu kingine, chini ya blanketi.

Mchana muuguzi akacheka kwenye spika. "Nyie ndugu kweli! Hata damu zenu zinatembea pamoja."

"Tumenyonya ziwa moja, dada," kaka akajibu. Maneno yalimtoka yakiburuzika, kama ya mlevi.

Ikafuata sauti ya daktari. "Kama mko vizuri hivyo, tunapandisha. Mita mia tano zaidi."

Mashine ikanguruma. Masikio yakaziba. Kaka alikuwa anahangaika kufunga kifungo kifuani, na fulana aliyovaa haikuwa na vifungo. Nikajua anayempandisha ni mimi.

"Kaka, niwaambie?"

"Ukisema, usiniite kaka tena."

Kitufe cha kuzungumzia kilikuwa ukutani, hatua mbili tu. Tangu tuingie alikibonyeza yeye, akinisemea na mimi. Nikasimama, nyaya zote mbili zikining'inia mkononi, nikabonyeza. 

"Hizo namba zote mbili ni zangu," nikasema. "Yake hamjaiona tangu asubuhi. Mtoeni."

Mashine ikabadili mlio. Kaka akanigeuzia mgongo, akajifunika blanketi gubigubi. Nikalifunua kidogo mdomoni apate hewa, nikakaa sakafuni kusubiri mlango.