Kaseti Iliyofika Malaba Bila Maneno

Jumatatu saa nne asubuhi, mwaka wa 1997, Mzee Okedi alikuwa mbele ya kibanda chake cha kurekodi kaseti pale Malaba, akirudisha mkanda nyuma kwa kalamu ili asimalize betri, dereva wa lori Ikapel alipomletea kaseti nyingine aliyokuja nayo kutoka Mombasa. Okedi alikuwa amestaafu kazi ya kupungia treni bendera, na kwa miaka mitatu sasa alijiita mtaalamu wa hip-hop. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa na ubao.

Kwenye ubao huo aliandika kila wiki muziki mpya uliofika na prodyusa aliyeutengeneza. Kwa kuwa kaseti nyingi zilikuja bila karatasi, maprodyusa aliwabatiza mwenyewe, kwa vyeo vya watu aliofanya nao kazi relini. Aliyependa besi nzito alikuwa Fundi wa Breki. Aliyechelewesha ngoma kidogo, kama mtu anayeingia kazini na chang'aa ya jana kichwani, alikuwa Stesheni Masta. Madereva waliamini. Okedi naye, baada ya kuusoma ubao wake mara kadhaa, aliamini.

Aliinakili kaseti ya Ikapel kwanza, kama ilivyokuwa desturi yake, kisha akaisikiliza. Upande wa kwanza Wamarekani walibwata kama kawaida. Upande wa pili ulikuwa na biti zile zile, lakini hakuna mtu aliyesema neno. Okedi aliurudia mara mbili, akatoa uamuzi.

"Maneno yameshikwa hapo mpakani."

"Kwa nini, mzee?" Ikapel aliuliza.

"Kaseti ilikuwa na karatasi?"

"Haikuwa nayo."

"Basi. Umeona."

Ikapel aliona. Lori lake mwenyewe lilikuwa siku ya tisa likingoja muhuri mmoja.

Wa kumcheka Okedi angekuwa Wilkista, aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye meza ya jirani. Kwa miaka mitatu hakuna kaseti aliyoipiga bila Wilkista kupaza sauti, "Mzee, hiyo kitu inaumwa, ipeleke hospitali ya Nangina ipigwe sindano!" Lakini Wilkista hakuwa na sauti. Wiki mbili nyuma magunia yake manne ya omena yalishikwa akiyavusha kwenda Uganda. Alienda ofisi ya mizigo, na karani Egesa akamwambia kwa upole, "Mama, acha malalamiko yako hapa, tutayashughulikia." Akayaacha. Alipotoka nje akataka kuita boda boda, hakikutoka kitu. Mwenye baiskeli alimwelewa haraka, kwa sababu wateja wengi waliotoka mlango ule aliwabeba kwa ishara.

Shida ilikuwa tangazo lililobandikwa ukutani mwa ofisi hiyo: mzigo usiodaiwa na mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, kufikia Ijumaa, utapigwa mnada. Wilkista alikuwa ameandika barua tatu nzuri. Barua si mdomo.

Jumanne Okedi alivaa koti lake la reli, akabeba redio yake ya kaseti na kaseti ile, akaenda kudai maneno ya Wamarekani.

Egesa hakucheka. Alifungua daftari, akapitisha kidole ukurasa mzima. "Ya Marekani hatuna, mzee. Ya hapa yapo. Ingia uangalie."

Ghala lilipangwa vizuri. Maneno yalikuwa kwenye magunia ya katani, kila moja na kibandiko cha jina na tarehe, kutoka sakafuni hadi kwenye bati. Ya chini kabisa yalikuwa yamelaliwa miaka mingi, sasa yakinong'ona tu. Okedi alieleza kwamba kitaalamu biti ikipigwa, maneno yake hujitokeza yenyewe. Utaalamu huo alikuwa ameubuni akiwa mlangoni. Alitafuna karatasi, akaziba vijishimo viwili vya mgongoni mwa kaseti ili ikubali kurekodi, akabonyeza.

Kwa kawaida kurekodi hufuta kilichokuwepo. Mara hii hakikufutika kitu. Mkanda ulikuwa na nafasi. Gunia la karibu na mlango lililegea kamba, likaingia kwenye biti bila kuchelewa hata kidogo.

"Mimi Wilkista wa Port Victoria! Magunia manne ni yangu, nimeyafunga na kamba ya bluu, uliza mtu yeyote! Hiyo omena nimeianika mwenyewe, nimefukuza kuku mwenyewe!"

Likaendelea hivyo dakika nne. Kisha, kwa kuwa siku ile Wilkista alilalamikia kila kitu kilichomuudhi duniani, likageukia mengine. "Na huyo mzee wa reli jirani yangu! Anapiga kelele mpaka omena inanigeukia kunitazama! Eti mtaalamu! Treni yenyewe alikuwa anaipungia kama anaaga shangazi!"

Okedi aliangalia viatu vyake. Egesa alikuwa akitikisa kichwa kufuata ngoma.

"Huyo si Mmarekani," Egesa alisema.

"Si Mmarekani," Okedi alikubali.

Wilkista alipopigiwa kaseti alicheka bila sauti, akigonga meza mpaka omena ikaruka. Sehemu ya shangazi alitaka irudiwe mara tatu. Ijumaa walienda pamoja. Alisimama mbele ya kaunta, akafungua mdomo wake wazi kabisa, na Okedi akabonyeza.

Egesa alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akaonyesha ukuta kwa kalamu.

"Tangazo linasema mdomo wake, mzee. Hii ni kaseti."

"Lakini sauti ni yake!"

"Ni yake, sikatai. Si iko kwa daftari langu?"

Omena ikauzwa saa sita. Ilifungwa kwenye baiskeli nne, na kamba ya bluu ilionekana mpaka kwenye kona.

Kaseti yenyewe ilienda mbali zaidi. Ikapel alipopata muhuri wake alikuwa na nakala, na kabla ya wiki kuisha ilisikika Busia, Mundika, na ng'ambo hadi Tororo. Ubaoni Okedi aliandika: MPYA. MAMA OMENA. PRODYUSA: OKEDI. Wilkista alifuta mstari wa mwisho kwa kiganja, akaandika: ALIYEBONYEZA: OKEDI. Mzee aliuacha, maana mwandiko wa mama ulikuwa mzuri kuliko wake.

Ghalani palibandikwa tangazo la pili, linalokataza redio.

Jumatatu wakati wa chakula cha mchana Egesa alikuja kibandani mwenyewe, na kaseti tupu mfukoni.

"Mzee, ile ya mama ni kali. Nirekodie. Lakini nataka ile isiyo na maneno."

Okedi alimtazama Wilkista. Wilkista alikuwa akipimia mtu omena kwa kopo la gorogoro, na hakuinua uso. Nakala ya kwanza ilikuwepo, na Egesa alikuwa mteja. Okedi akamrekodia.

Jioni Wilkista aligonga meza kwa gorogoro mara mbili, kuomba sehemu ya shangazi, kama alivyofanya kila jioni tangu aisikie. Okedi akageuza kaseti, akaketi juu ya kreti yake, akatukanwa.