Kinachokufa Peke Yake

Mtaani walimwita Mzee Fyuzi, kwa kuwa mfuko wa shati lake haukukosa fyuzi ya akiba, na kinywa chake hakikukosa neno kwa wakubwa wa umeme. Alikuwa na kisa nao. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira, ukaunguza mota ya cherehani ya mke wake. Wakubwa wakatangaza kwamba wanasikitika kwa usumbufu uliojitokeza. Mkewe akafungua mkanda wa mota, akarudi kukanyaga pedali kwa miguu iliyovimba, na akakanyaga hivyo hivyo mpaka alipoiaga dunia.

"Huo usumbufu wao," mzee alizoea kusema, "mimi nimeuzika."

Sasa kichwa cha cherehani kilikuwa kimeuzwa. Binti yake alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, akifanya kazi kwenye kompyuta za kukodi. Umeme ukizimika, ramani inakwenda na maji. Alitaka kompyuta yake mwenyewe, ya kuunga kipande kwa kipande ili pesa iende inakostahili. Mzee alikubali kwa sharti moja: kila kipande akione kwanza. Cherehani ilikuwa moja tu, na pesa yake ikigeuka takataka haitarudi.

Duka lilikuwa chumba chembamba chenye nyaya hadi darini. Mwenyewe alikuwa mama wa vicheko, bisibisi ikimning'inia shingoni kama mkufu. Wateja walimwita Mama Skrubu.

"Shikamoo, mzee. Umekuja kununua au kukagua?"

"Marahaba. Nimekuja kuuliza. Kununua ni kazi ya huyu."

"Uliza tu, kuuliza hakulipiwi."

"Hakulipiwi bado. Wakubwa wakisikia watakutoza kodi."

Binti akamvuta mkono. "Baba, tusianze."

Mama Skrubu akaweka prosesa juu ya kaunta, kidude kisichozidi biskuti. Mzee akainama mpaka pua ikakaribia kukigusa.

"Hiki ndicho kinachofikiri?"

"Ndicho."

"Kadogo hivi! Na wale wenye vichwa vikubwa huko juu, vyao vimejaa nini?" Akakizungusha kwa ncha ya kidole. "Haya, niambie. Kikifa, kinakufa peke yake au kinakufa na wenzake?"

Mama Skrubu akamtazama binti. Binti akainua mabega, lakini alijua swali lilikotoka. Mota ya mama yake ilikufa peke yake. Kichwa kikabaki kizima, ndiyo maana leo walikuwa na cha kuuza.

"Peke yake," Mama Skrubu akasema. "Tena hiki hakifi ovyo."

"Na hiki?"

"Hiyo ni diski. Ndiyo inayotunza kazi. Ikifa, inaondoka na ramani zote."

"Basi isiwe ya kubahatisha. Na kibodi?"

"Kibodi ikifa, unanunua nyingine unaendelea na chai yako."

"Hapo tubane."

Wakaendelea hivyo, mzee akiuliza kama mjomba anayepokea posa. Kadi ya picha, yenye feni zake mbili, ilimshangaza kuliko vyote. Binti alimweleza kwamba hiyo ndiyo ingemwezesha kuizungusha nyumba kwenye skrini, mteja aingie mlangoni na kutokea jikoni kabla hata tofali halijafyatuliwa. Mzee akazizungusha feni zile kwa kidole, moja baada ya nyingine.

Mwisho likaja kasha. Lilikuwa na ubavu wa kioo na taa za rangi, na ndani yake pawa saplai imeshafungwa.

"Pawa ni bure," Mama Skrubu akasema. "Inakuja na kasha."

Uso wa mzee ukachanua. "Umeme wa bure! Nimeishi mpaka nimeuona. Funga, twende."

"Baba," binti akasema, "hicho hujakiulizia."

"Cha bure nacho kinaulizwa?"

Mama Skrubu alikuwa anafuta bisibisi iliyokuwa safi.

"Mama, si unasikia?" mzee akauliza. "Kikifa?"

"Nikuambie kweli, mzee wangu? Pawa ndiyo inayopokea umeme wa ukutani na kuwagawia wenzake. Ikiwa nzuri, umeme ukija na hasira inajitoa mhanga, wengine wanapona. Hii ya bure..." Akakuna sikio. "Inaweza kuondoka na ukoo."

"Na ulikuwa unatuuzia!"

"Sikuuza. Nilitoa bure."

Mzee alitaka kukasirika, kicheko kikamwahi. "Kumbe huyu ndiye mkubwa wa umeme wa humo ndani. Basi huyu mmoja, angalau, tumchague wenyewe."

Pawa nzuri ilikuwa nzito, na bei yake nzito vilevile. Kasha la kioo likarudi rafuni. Likaja lililotumika, limebonyea ubavuni. Bado hesabu haikutosha. Binti akaanza kuisogeza kadi ya picha pembeni, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto sahani.

"Hiyo acha," mzee akasema. "Ondoa meza uliyopanga kununua."

"Nitachorea wapi, sakafuni?"

"Mnunuzi wa cherehani alichukua kichwa tu. Meza ipo."

Binti akairudisha kadi mahali pake. Meza ile ilikuwa imefunikwa kanga tangu msiba, na hakuna aliyethubutu kuweka hata kikombe juu yake.

Jioni hiyohiyo mzee aliitoa kanga mwenyewe, akaikunja. Tundu la kichwa cha cherehani akaliziba kwa kipande cha mbao. Kompyuta ilipowaka, akaweka kiganja nyuma ya kasha kuusikia upepo wa feni, akaguna.

Akaenda kukaa sebuleni. Baada ya muda akasikia: nyii, nyii, nyii, kama enzi za mkewe. Binti alikuwa anachora, na miguu yake, bila yeye kujua, ilikuwa imeipata pedali.

Mzee akainuka kuchukua kikopo cha mafuta ya cherehani. Akafika nacho mlangoni, akasimama. Kisha akakirudisha mahali pake, akavuta kiti karibu na binti.

"Hebu izungushe hiyo nyumba," akasema. "Nataka kuona jiko liko wapi."