Ukurasa wa Kulia wa Daftari la Najiat

Maneno yalimkuta Mwamvita kwenye mashine ya kusaga, pale Itetemia, akisubiri debe lake la mahindi. Yaliletwa na Koleta, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mtu asiyesema jambo bila kutangaza kwanza kwamba hataki kulisema.

"Mie sitaki kusema, mama Najiat. Ila wanasema mwanao anasomea matusi ya Kihispania. Daftari zima. Binti yangu kaliona."

"Nani wanasema?"

"Watu."

Mwamvita alijitwika unga wake akaondoka. Njiani alijiambia kuwa huo ni umbea, na umbea wa Koleta haukuanza leo. Lakini neno lenyewe lilimganda kama kupe. Alisonga ugali akilifikiria, akalala nalo, akaamka nalo.

Najiat, binti yake wa pekee, alikuwa ameitwa na wafuga nyuki wa Sikonge. Alhamisi ile wangekuja wageni kutoka Hispania kutazama asali, na mwenyekiti wa kikundi, mzee Limbu, hakuwa na mtu wa kumtafsiria. Siku ikienda vizuri, Najiat angepewa kazi ya ukalimani msimu mzima. Miaka mitatu alikuwa akifanya usafi kwenye zahanati ya masista nje ya mji, na huko ndiko alikojifunza hiyo lugha, kwa Sista Konsuelo, muuguzi mzee wa Kihispania. Sasa mama mtu akajiuliza: na kama binti amefundishwa uchafu, atausema mbele ya nani huko Sikonge? Nani atamwita tena?

Mwamvita aliishia darasa la saba. Kihispania alikijua jina tu, lakini kusoma Kiswahili hakujamshinda. Najiat alipoingia bafuni, mama alilifungua daftari.

Kurasa za kushoto hazikuwa na ubaya. Abeja, nyuki. Miel, asali. Panal, sega. Pollo, kuku. Cabrito, mwanambuzi. Za kulia ndizo zilizomtoa jasho. Oveja, kondoo, si nyuki. Hiel, nyongo, si asali. Pañal, nepi, angalia kimstari cha juu. Halafu, kwa wino mwekundu: polla, si kuku jike, ni utupu wa mwanamume. Huevos, mayai, lakini pia ya mwanamume. Cabrón, beberu, lakini kwa mtu ni tusi zito. Mwamvita alilifunga, akalifungua tena ahakikishe. Mekundu yalikuwa kumi na moja, na mwandiko ulikuwa wa mwanawe, ule ule mzuri uliosifiwa shuleni.

Najiat alitoka bafuni amejifunga khanga, akamkuta mama ameketi na daftari mapajani.

"Kwa hiyo ni kweli," Mwamvita alisema.

"Kweli nini, mama?"

"Haya mekundu. Nani kakuandikisha?"

"Sista Konsuelo."

"Usinifanye mtoto. Sista, mtu wa sala?"

"Ndiye huyo huyo. Yeye anataja, mimi naandika. Hata hanitazami, macho yote dirishani. Akaniambia, 'Haya hutayasema, mwanangu. Lakini utayasikia, na sitaki uyarudie ukidhani ni salamu.'"

Mwamvita alilifunga daftari. Alikumbuka chumba cha Bi Mwanamkuu, somo wake, zile siku saba alizowekwa ndani alipovunja ungo. Bi Mwanamkuu naye alimtajia kila kitu kwa jina lake, bila kufunika, macho ukutani. Kisha akamwambia, haya ni ya humu. Mwamvita alitoka pale akijua la kusema mbele ya wakwe na la kumeza, na mpaka leo ulimi haujamponyoka. Wala mtaa mzima hakuna aliyewahi kusema Bi Mwanamkuu anafundisha matusi.

"Utakwenda," alisema mwishowe. "Na mimi nakwenda."

"Mama, wakalimani hawaendi na mama zao."

"Wewe utakuwa wa kwanza."

Alhamisi waliteremka Sikonge wamepauka vumbi mpaka kope. Wageni walikuwa wanne. Mkubwa wao alikuwa mama wa mvi, Bi Remedios, na mdogo wao kijana mpiga picha, aitwaye Iker. Mzee Limbu aliwaonyesha mizinga ya magome, nta na ndoo za asali. Mwamvita alikaa kwenye benchi, macho kwenye mdomo wa mwanawe. Najiat aliposema panal, mama alizuia pumzi. Bi Remedios akachukua kipande cha sega, akakitia kinywani, akafumba macho kwa utamu. Hakuna aliyeulizia nepi. Mwamvita alipumua.

Wakati wa chakula mzee Limbu alimwita Najiat pembeni, karibu na benchi.

"Binti, salamu ya kumkaribisha mkubwa wao nitaitoa mwenyewe. Yule kijana kanifundisha, mheshimiwa wanavyosema kwao. Sikiliza. Bwenos dias, kabron."

Iker alikuwa ameinamia kamera yake, mabega yanatikisika.

"Mzee wangu," Najiat alisema kwa sauti ya chini, "la mwisho hilo liache."

"Kwa nini?"

"Si mheshimiwa. Ni tusi, la mwanamume ambaye mkewe anatoka nje."

"Na yule anacheka nini?"

"Ndicho anachochekea, mzee."

Limbu alimtazama kijana kwa muda. "Kwani mimi na yeye ni watani?"

"Bado."

"Basi aje kwanza azike na sisi, ndipo anitanie." Akamgeukia Najiat. "Na wewe umejuaje?"

"Nimeliandika, mzee."

Kwenye benchi, Mwamvita alijitengeneza mtandio vizuri.

Limbu alisimama, akasema bwenos dias, senyora, akaishia hapo. Bi Remedios naye akasimama, akaunganisha mikono, akajibu kwa Kiswahili: "Shikamoo." Limbu akaitika marahaba bila aibu, ingawa mama yule alimzidi umri waziwazi, na watu walicheka mpaka wapishi wakatoka kuchungulia.

Kabla jua halijashuka, Najiat alikuwa ameshapewa msimu mzima. Limbu aliomba yale mekundu yaandikwe yabandikwe bandani, ili wenzake wasije kufundishwa salamu nyingine. Najiat aliona haya mbele ya wazee. Mwamvita akasema, lete kalamu. Aliandika mwenyewe, kwa herufi zake kubwa za darasa la saba, na nakala moja akaipeleka kwa Koleta.

YA KUEPUKA

Usirudie neno la kigeni ulilofundishwa na mtu anayecheka.

Usimwulize mwanamume Mhispania kama ana mayai. Uliza kama mayai yapo jikoni.

Kuku ni pollo. Usimalizie na a.

Asali ni miel. Usiweke h mahali pa m.

Sega ni panal. Usiweke kimstari juu ya n, utauza nepi.

Mbuzi dume usimtaje kwa Kihispania. Mwonyeshe kwa kidole.

Usimzuie binti kazi kwa daftari ulilolisikia mashineni. Lisome, kisha mwulize.

Usiibandue karatasi hii.