Joto la Mwaisha

Mlinzi alielekeza kipima joto kwenye paji la uso la mjukuu wangu, akakitazama, akakielekeza tena.

"Thelathini na nane nukta tatu, mzee. Huyu haingii."

"Haingii vipi? Anaumwa jino."

"Nimeona. Shavu limejaa kama la mpiga tarumbeta. Lakini joto ni joto. Kaeni kwenye turubai, mtafuatwa."

Mwaisha alikuwa na miaka saba. Jino lilianza kumuuma kijijini kwetu Matombo siku nne kabla, na asubuhi ile uvimbe ulikuwa umefika chini ya jicho. Korona ilikuwa imefunga shule, na kliniki ile ya meno mjini Morogoro ilipokea watoto wa dharura tu. Kuziba meno walikuwa wameacha, kwa sababu mashine hurusha mate hewani; waling'oa tu. Aliyezidi joto la thelathini na saba na nusu hakuguswa. Alipelekwa kwanza kupimwa korona hospitali nyingine, na majibu yalichukua siku tatu.

Siku tatu. Nililitazama lile jicho lililoanza kufumba.

Chini ya turubai alikuwepo mama mmoja na mwanawe, wamekaa upande wa pili wakisubiri gari la kuwapeleka kupimwa. Mwaisha aliniegemea.

"Babu, ile nyungu..."

"Usiongee, utaumia."

Nyungu niliipika mwenyewe. Tulilala kwa dada yangu, nyumba ya pili kutoka kliniki. Kabla ya kutoka nilichemsha majani ya mwarobaini na mkaratusi, nikamfunika Mwaisha blanketi mpaka jasho likamtiririka, ili korona ya mjini isimpate. Alilia kwamba shavu linapwita. Nikamwambia avumilie. Na kijijini ni mimi niliyewasomea watu tangazo la zahanati, neno kwa neno, pamoja na pale palipokataza kuwafukiza watoto.

Daktari alikuja na gauni, barakoa na kioo cha uso. Umri wake niliukisia kwa sauti.

"Shikamoo, babu. Naitwa Bernadeta. Homa imeanza lini?"

"Marahaba. Imeanza... juzi."

"Na jana alikuwa nayo?"

"Kidogo."

Akaandika, kisha akamgeukia mlinzi. "Castory, wapigie wenye gari. Waambie ni watoto wawili."

Mwaisha alinishika shati. Hakulia, mdomo haukufunguka vya kutosha.

"Daktari," nikasema, "mtoto huyu hana homa. Nilimpiga nyungu. Hata saa moja haijapita."

Yule mama aligeuka kunitazama.

"Kwa nini hukusema mlangoni?"

"Niliona aibu."

"Joto lote lile juu ya jipu, babu? Umelichochea." Akatazama saa. "Mvue sweta, mpe maji. Nusu saa, tunapima tena. Lisiposhuka, anakwenda na mwenzake."

Nusu saa ilipopita, kipima joto kilisoma thelathini na saba nukta tisa. Daktari akatuongezea dakika kumi. Nilimpepea kwa kofia yangu huku nikisikiliza barabarani, kila injini nikidhani ndiyo ile. Safari ya tatu Castory alinigeuzia kipima joto nisome mwenyewe: thelathini na saba nukta nne.

Ndani nilimshika kichwa. Sindano ya ganzi ilimfanya apige mateke. Jino lilipotoka, usaha ulifuata mwingi.

"Uvimbe ukiongezeka, au akishindwa kumeza, mrudi hapa siku hiyohiyo," alisema daktari. "Na mvuke basi."

"Mvuke basi," nikarudia.

Tulipotoka, gari lilikuwa limefika. Castory alishafungua mlango wake, na yule mama alikuwa amemnyanyua mwanawe, shavu limevimba.

"Mama," nikamwita, "na wewe ulimpiga nyungu?"

Aliangalia chini. Dereva akawasha injini.

"Ya mchaichai tu, baba," akasema.

Nikarudi mlangoni kumwita daktari.